Kuvu ya Pangoni na Safari ya Kupata Jina

Spishi mpya ya kuvu huhesabiwa kuwa imejulikana siku maelezo yake yanapochapishwa: jina, vipimo, picha, na kielelezo kilichohifadhiwa mahali ambapo mtafiti mwingine yeyote anaweza kwenda kukikagua. Kabla ya siku hiyo, hata kama kuvu hiyo imetanda ukutani mwa pango kwa maelfu ya miaka, na wavuvi na wachunga mbuzi wameiona vizazi kwa vizazi, kwenye vitabu vya elimu haimo. Kazi ya kuitoa gizani na kuiandika ndiyo inayoitwa kuelezea spishi, nayo ni kazi ya subira, yenye sheria zake na ushahidi wake kama kesi ya mahakamani.

Kuvu ni ukoo mkubwa. Hamira inayoumua mahamri ni kuvu. Ukungu wa kijani kwenye mkate uliolala ni kuvu. Uyoga unaochipuka masika yakikolea, choa kichwani mwa mtoto, utando mweusi kwenye ukuta wa chumba kisichopata hewa, vyote ni vya ukoo huo. Kwa muda mrefu vitabu viliziweka kuvu pamoja na mimea, lakini kuvu haina ukijani wa majani na haiwezi kujipikia chakula kwa jua. Hutoa vimeng'enya, hukiyeyusha chakula kikiwa bado nje ya mwili wake, kisha hukifyonza. Kwa nasaba iko karibu zaidi na wanyama kuliko na mchicha. Mwili wa kuvu nyingi ni nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho moja moja, na uzazi wake ni kwa spora, chembe nyepesi kuliko vumbi la unga. Spishi zilizokwisha kupewa majina ni kama 150,000. Mwaka 2017 wataalamu Hawksworth na Lücking walikadiria kuwa zilizopo duniani ni kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8. Kwa hesabu hiyo, zaidi ya kuvu tisa katika kila kumi bado hazina jina.

Mapango ni mojawapo ya mahali ambapo hizo zisizo na jina hupatikana, na pwani ya Kenya imejaliwa mapango. Mombasa, kuanzia Kisauni kupita Bamburi hadi Shanzu, nyumba, misikiti na mashamba yamekaa juu ya mwamba wa matumbawe, uliojengwa na viumbe wa bahari zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, yapata miaka 125,000 iliyopita. Maji ya mvua yanapopenya kwenye udongo hubeba hewa ya kaboni, yakageuka kuwa asidi hafifu, nayo asidi hiyo hula chokaa ya mwamba kidogo kidogo. Tundu huwa ufa, ufa huwa ukumbi. Mchimba kisima wa Kisauni anaijua dalili yake: mtaimbo uliokuwa ukirudisha mlio mkavu, ghafla unatoa mlio wa mtungi mtupu.

Kusini, katika Kaunti ya Kwale, kuna mapango ya Fikirini na lile la Shimoni, mji ambao hata jina lake linatokana na shimo hilo. Kaskazini, Kilifi, kuna Panga ya Saidi, ambako mwaka 2021 wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa Ujerumani walitangaza kaburi la mtoto aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Na ukivuka mpaka wa Horohoro kuingia Tanzania, kabla ya kufika mji wa Tanga, kuna mapango ya Amboni, yaliyochongwa katika chokaa ya kale zaidi, ya zama za mijusi wakubwa. Simulizi za Tanga husema kwamba moja ya njia za Amboni hutokea Mombasa. Upimaji uliofanywa mwaka 1994 ulikuta pango refu kuliko yote halifiki hata kilometa moja. Hata hivyo Amboni ina umaarufu mwingine, wa popo na kuvu, na huo utaelezwa mbele kidogo.

Pango ni nyumba isiyo na jiko. Jua haliingii, kwa hivyo hakuna jani linalotengeneza chakula humo, na kila kinacholiwa lazima kiletwe kutoka nje. Maji ya mvua huleta matawi na majani makavu. Mizizi ya mikuyu na mibuyu hupenya kwenye nyufa, ikaning'inia darini kama kamba. Lakini mletaji mkuu ni popo. Magharibi hutoka kwa maelfu kwenda kuwinda wadudu au kutafuta matunda, na kabla ya alfajiri hurudi, wakaning'inia na kuangusha walichokula. Miaka ikipita, samadi yao hurundikana hadi kufika magotini mwa mtu. Rundo hilo si kitu kimoja. Juu ni bichi, lina unyevu na harufu kali inayochoma macho. Katikati limepoa na kushikana. Chini limekuwa vumbi la kahawia linalotimka kwa hatua moja tu. Kila tabaka lina kuvu zake. Halafu kuna kuvu zinazoishi juu ya mende na nondo waliokufa, na nyingine zinazoshambulia buibui wakiwa hai. Zipo zinazosambaa kwenye mwamba mtupu, zikiokoteza chembe chache zinazoletwa na matone ya maji.

Hali ya hewa ya ndani nayo huzisaidia. Mbali na mlango, joto la pango hubadilika kidogo sana na hukaribia wastani wa mwaka mzima wa nje, ambao Mombasa ni kama nyuzi 26. Unyevu hukaribia kikomo. Kuvu iliyozoea mahali pa namna hiyo haina haja ya kujikinga na jua wala kiangazi.

Kazi ya kuelezea spishi huanzia miguuni mwa rundo hilo la samadi. Mkusanyaji huvaa barakoa inayozuia vumbi laini, glovu, mabuti na ovaroli, kwa sababu vumbi la samadi kavu ni hatari kwa mapafu. Kwa kijiko kilichochemshwa na kukaushwa huchota kiasi kidogo tu, kama nusu ya kijiko cha chai, na kukitia ndani ya kichupa chenye kifuniko. Ukutani hupitisha pamba safi iliyofungwa kwenye kijiti. Mdudu aliyeota ukungu huchukuliwa mzima, pamoja na kipande cha mwamba alichoshikilia. Kila kichupa hubandikwa karatasi yenye tarehe, mahali, umbali kutoka mlangoni, joto, unyevu na kitu ambacho kuvu ilikuwa ikiota juu yake. Karatasi hiyo ndogo ina uzito kuliko watu wanavyofikiri. Sampuli nzuri isiyo na maelezo ya mahali ilipotoka ni uchafu wa kutupwa, maana hakuna awezaye kurudi kuitafuta tena.

Mkusanyaji makini pia huchukua sampuli za hewa na udongo wa nje, hatua chache kutoka mlangoni. Spora husafiri kwa upepo, kwa nguo za watu na kwa manyoya ya popo, kwa hivyo kuvu iliyookotwa ndani ya pango huenda ni mgeni aliyepita njia tu. Jina "kuvu ya pangoni" hustahili kutolewa baada ya kulinganisha, na watafiti wengi wenye haraka wamejikwaa hapo.

Maabara ndiko subira inakopimwa. Sampuli huchanganywa na maji safi, ikazimuliwa mara kadhaa, kisha tone moja husambazwa kwenye kisahani cha agari, ute mgumu unaotokana na mwani mwekundu, uliotiwa chakula cha kuvu na dawa ya kuzuia bakteria. Visahani huwekwa kwenye kabati lenye joto maalumu. Siku ya tatu au ya nne huonekana nukta. Siku ya saba kisahani kimoja huwa na madoa kumi ya rangi mbalimbali, na hapo kila doa huhamishiwa kisahani chake peke yake, tena na tena, hadi ipatikane kuvu moja isiyochanganyika. Kuvu za pangoni nyingi huota polepole. Zinazokimbia, kama ukungu wa mkate, huwahi kuzifunika. Ndiyo maana kisahani kinachoonekana kimeharibika hakitupwi upesi. Chini ya ukungu mrefu huenda pana doa dogo la kijivu, kubwa kama punje ya mtama, ambalo halijapata kuandikwa na mtu yeyote.

Baada ya hapo huja kuangalia kwa makini, na hiki ndicho kiini cha maelezo. Kipenyo cha doa hupimwa kwa milimita siku ya 7 na siku ya 14. Rangi ya juu hulinganishwa na chati ya rangi, kisha kisahani hugeuzwa na rangi ya chini kuandikwa pia, kwa kuwa kuvu yenye uso mweupe yaweza kuwa na mgongo mwekundu kama damu ya mzee. Umbile huandikwa: pamba, mahameli, unga, au ngozi iliyokunjamana. Kipande kidogo huwekwa kwenye kioo, hutiwa tone la rangi ya buluu na kuangaliwa kwa hadubini. Humo hupimwa upana wa nyuzi, umbo la vikonyo vinavyobeba spora, jinsi spora zilivyopangwa, kama ni mnyororo au kichala, na ukubwa wa spora zenyewe kwa maikromita, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Spora moja haitoshi. Hupimwa makumi, ukaandikwa udogo wa chini, ukubwa wa juu na wastani.

Macho peke yake hudanganya, kwa kuwa kuvu mbili zisizo za nasaba moja zaweza kufanana kama pacha. Tangu mwaka 2012 wanasayansi wamekubaliana kutumia kipande kimoja cha vinasaba, kinachoitwa ITS, kama alama ya kwanza ya kutambulishia kuvu. Mfuatano wake husomwa na kulinganishwa na ule ulio kwenye hazina za kimataifa. Kwa jamii kubwa kama Aspergillus na Penicillium, ITS haitenganishi ndugu wa karibu, hivyo jeni nyingine husomwa pia. Hazina hizo zina msaada mkubwa, lakini zimo kumbukumbu zilizopachikwa majina yasiyo yake, na aliyekosea mwanzo huwakosesha wanaomfuata. Hitimisho kwamba spishi ni mpya hutolewa pale ambapo umbile, vipimo, makao na vinasaba vyote vinasema neno moja.

Jina halitolewi ovyo. Kuvu hufuata Kanuni za Kimataifa za Utoaji Majina ya Mwani, Kuvu na Mimea. Zamani maelezo yalikuwa sharti yaandikwe kwa Kilatini. Tangu tarehe 1 Januari 2012 Kiingereza nacho kinakubaliwa. Tangu tarehe 1 Januari 2013 jina jipya halina nguvu bila namba ya usajili kutoka kwenye sajili zinazotambuliwa, kama MycoBank na Index Fungorum. Lazima pia kitajwe kielelezo kimoja rasmi, kinachoitwa holotaipu, ambacho ndicho hakimu wa jina hilo milele. Kielelezo hicho hakiruhusiwi kuwa kiumbe kinachoendelea kukua, kwa sababu kinachokua hubadilika; hukaushwa au hugandishwa. Mtafiti wa miaka mia ijayo akitilia shaka, haendi kwenye maneno ya mwandishi, huenda kwenye kielelezo.

Kwa Afrika Mashariki, vielelezo vya namna hii vina nyumba yake. Hebaria ya Afrika Mashariki ilianzishwa na Wajerumani huko Amani, katika milima ya Usambara mkoani Tanga, mwaka 1902, na mwaka 1950 ikahamishiwa Nairobi, ambako leo iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kitabu kikubwa kuhusu uyoga wa eneo hili, cha David Pegler wa bustani ya Kew, Uingereza, kilichapishwa mwaka 1977. Kitabu hicho kinahusu uyoga wenye kofia na mapezi. Ukungu mdogo wa kwenye samadi ya popo haumo.

Sehemu ya pili ya jina huweza kutokana na mahali, na mtu, au na sifa ya kiumbe. Kuvu ikipatikana Kisauni, mwandishi anaruhusiwa kuiita kisauniensis, yaani "ya Kisauni", na jina hilo likishasajiliwa litatumika Tokyo na São Paulo vilevile. Mfano wa karibuni wa jina la mtu ni Gibellula attenboroughii, iliyochapishwa Januari 2025. Ilionekana kwanza mwaka 2021 Ireland ya Kaskazini, juu ya buibui aliyekufa katika ghala la zamani la baruti, wakati watu wa BBC walipokuwa wakitengeneza kipindi cha wanyama. Baadaye ikapatikana kwenye mapango ya kisiwa cha Ireland. Buibui hao kwa kawaida hujificha kwenye utando wao. Walioambukizwa hutoka na kufia mahali pa wazi kwenye dari au ukuta, ambako hewa inayopita huzipeperusha spora. Aliyeenziwa kwa jina hilo ni mtangazaji David Attenborough.

Mapango mengine yametoa kuvu kwa wingi. Mwaka 2017 watafiti wa China waliochunguza mapango mawili ya chokaa mkoani Guizhou walieleza spishi 20 mpya kwa mkupuo mmoja. Ufaransa, katika pango la Lascaux lenye michoro ya kale, kuvu nyeusi iliyotia madoa kwenye kuta ilielezwa mwaka 2012 kwa jina Ochroconis lascauxensis. Pango hilo lilifunguliwa kwa watalii mwaka 1948 na kufungwa mwaka 1963, baada ya pumzi, joto na taa za wageni kuuharibu utulivu wa ndani. Wanaotembeza wageni kwenye mapango ya pwani wanapaswa kuijua habari hiyo ya Lascaux, kwa kuwa pango likishavurugwa halirudi kama lilivyokuwa.

Kuvu ya mapangoni iliyoandikwa zaidi katika Afrika Mashariki, na inayomhusu mtu wa kawaida kuliko zote, ni Histoplasma. Historia ya jina lake inaonyesha kwa nini maelezo sahihi yana thamani ya uhai wa watu.

Desemba 1905, huko Panama ambako mfereji ulikuwa ukichimbwa, daktari Mmarekani Samuel Darling alipasua maiti ya kibarua kutoka kisiwa cha Martinique. Mapafu yalikuwa na vinundu kama vya kifua kikuu, lakini vijidudu vya kifua kikuu havikuonekana. Ndani ya seli palikuwa na chembe za duara, kila moja ikiwa na ukingo mweupe. Darling alidhani ni kijidudu cha jamii ya wanaoleta kala-azar, na kwamba ukingo ule ni ganda. Mwaka 1906 akakiita Histoplasma capsulatum, "chenye ganda". Alikosea mara mbili: hakikuwa kijidudu cha aina hiyo, na ganda halikuwapo, ni rangi za maabara tu zilizosinyaza chembe zile. Mwaka 1912 Mbrazili Henrique da Rocha Lima aliitazama upya akasema inafanana na hamira. Mwaka 1934 William De Monbreun aliiotesha maabara na kuthibitisha kwamba ni kuvu yenye sura mbili. Kwenye udongo ni ukungu wa nyuzi; ikiingia mwilini, kwenye joto la nyuzi 37, hujigeuza hamira. Mwaka 1949 Chester Emmons akaipata kwenye udongo wa Marekani. Jina la Darling limebaki pamoja na kosa lake, kwa sababu kanuni humpa haki aliyetangulia.

Kwa upande wa Afrika, mwaka 1952 Mbelgiji Raymond Vanbreuseghem alieleza kuvu kutoka Kongo, akaiita Histoplasma duboisii kwa heshima ya daktari Albert Dubois. Chembe zake mwilini ni kubwa mara kadhaa kuliko za ile ya Panama, nayo hupenda kushambulia ngozi na mifupa. Kisha mwaka 1960 Ajello, Manson-Bahr na Moore walichapisha makala katika jarida la Marekani la magonjwa ya nchi za joto, wakitangaza mapango ya Amboni kuwa makao mapya ya Histoplasma capsulatum. Mapango yaliyosimuliwa kuwa na njia ya siri hadi Mombasa yakaingia kwenye vitabu vya tiba vya dunia kwa sababu ya kilichomo kwenye samadi ya popo wake.

Kwa hadubini, ukungu huo hautasahaulika na aliyeuona mara moja. Spora zake kubwa ni duara, kati ya maikromita 8 na 15, na zimezungukwa na vijinundu kama vidole, mfano wa gurudumu lenye meno. Zile zinazodhuru ni ndogo, za maikromita 2 hadi 5. Udogo huo huzipitisha puani na kooni bila kuzuiwa, hadi kwenye vifuko vya ndani kabisa vya mapafu. Katika kuvu hii, kipimo cha spora ambacho mtu angekiona kama kazi ya kujishughulisha bure ndicho kinachoeleza ugonjwa unavyoingia.

Watu wengi wenye afya wakivuta kiasi kidogo hawapati dalili, au hupata mafua na uchovu unaopita. Waliovuta vumbi jingi, pamoja na wenye kinga dhaifu kama wanaoishi na virusi vya Ukimwi bila dawa, huweza kuugua sana. Mwaka 2011 kundi la wanafunzi wa biolojia kutoka nchi mbalimbali waliokuwa kwenye ziara ya msitu nchini Uganda waliingia ndani ya mti mkubwa wenye uwazi, uliojaa popo, na zaidi ya kumi kati yao wakaugua. Picha ya mapafu ya wenye ugonjwa huu kwa eksirei hufanana na ya kifua kikuu, na hapo ndipo hatari ilipo katika nchi yenye kifua kikuu kingi: mgonjwa hupewa dawa za miezi sita zisizogusa kuvu kabisa. Dawa za kuvu zipo, itrakonazoli kwa walio wengi na amfoterisini kwa walio mahututi. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya kuvu hatari kwa binadamu, Histoplasma iliwekwa katika kundi la kipaumbele cha juu.

Habari yake haikuishia hapo. Mwaka 2017 usomaji wa vinasaba ulionyesha kwamba kilichoitwa kwa jina moja miaka 111 ni spishi kadhaa, na tatu za Amerika zikapewa majina mapya. Jina la awali likabaki kwa ile ya Panama. Kuelezea spishi, basi, si kazi inayofungwa siku ya kuchapisha, na vielelezo vilivyotunzwa vizuri ndivyo vinavyowezesha kurudi na kusahihisha.

Popo hawastahili kubebeshwa lawama. Kuvu hii huota kwenye samadi, na dawa yake si kuwafukiza moshi wala kuziba mlango wa pango. Popo wa pwani hula wadudu kwa wingi usiku, na wale wa matunda ndio wanaochavusha maua ya mbuyu, yanayofunguka jua likishatua. Wao pia wana adui wa ukoo huohuo wa kuvu. Mwaka 2006, katika pango la Howes jimboni New York, walionekana popo wenye ukungu mweupe puani. Kuvu iliyosababisha ilielezwa mwaka 2009, na leo inaitwa Pseudogymnoascus destructans. Imeua popo kwa mamilioni Amerika ya Kaskazini, ikiwaamsha kutoka usingizi wa majira ya baridi hadi akiba yao ya mafuta ikaisha. Joto likizidi nyuzi 20 haioti, kwa hivyo mapango ya pwani ya Kenya hayaifai.

Adui mkubwa wa mapango ya pwani ni nyundo na takataka. Mawe ya kujengea hukatwa kwenye mwamba uleule, na timbo likifika kwenye ukumbi wa chini, ukumbi huvunjwa au hugeuzwa jaa. Hasara hiyo ni halisi hata kama hakuna anayeilia. Hata hivyo Bamburi ina ushahidi kwamba mwamba uliochimbwa unaweza kupewa uhai. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji. Katika aina 26 alizojaribu, ni tatu tu zilizohimili: mvinje, mkoko fulani wa nchi kavu na mnazi. Majani ya mvinje yalipolundikana bila kuoza, waliletwa majongoo wayasage, na kilichosagwa kikamaliziwa na kuvu na bakteria hadi kuwa udongo. Msitu wa Haller Park umesimama juu ya udongo huo.

Anayetaka kukusanya kuvu kwa utafiti nchini Kenya huhitaji kibali cha utafiti cha NACOSTI, na ruhusa ya NEMA pale vinasaba vinapohusika, mbali na idhini ya wenye mahali, ambao kwenye mapango mengi ya pwani ni wazee wanaoyatunza kama mizimu. Kenya pia imeridhia Itifaki ya Nagoya, inayotaka faida itokanayo na viumbe igawiwe nchi vilikotoka. Sharti hilo lina sababu. Viumbe vidogo vilivyochukuliwa Ziwa Bogoria mwaka 1992 vilitoa vimeng'enya vilivyouzwa na kampuni ya Marekani, na mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya likajitokeza hadharani kudai haki. Kielelezo rasmi cha kuvu ya Kisauni kinapaswa kubaki Kenya, na jina la mkusanyaji wa Kisauni kuandikwa pale juu pamoja na la mwenye maabara.

Kwa mkazi wa Kisauni anayekutana na pango wakati wa kuchimba kisima au kukata mawe, mahali pa kupeleka habari ni Fort Jesus, kwa watu wa Makumbusho, kabla shimo halijafukiwa. Asiingie akiwa peke yake, asitimue vumbi la samadi, wala asiibebe kwenda kuweka kwenye bustani ikiwa kavu. Na yeyote aliyeingia pango la popo, kisha ndani ya wiki tatu akashikwa na homa, kikohozi kikavu na maumivu ya kifua, amwambie daktari neno hili kabla ya vipimo: niliingia pangoni.